Tumbo Lililojaa: Lini ni Upepo, na Lini ni Kazi ya Daktari?

Mtu akivunjika mguu, jirani zake hawana haja ya kubishana. Hubebwa akapelekwa hospitali siku ile ile. Lakini tumbo likijaa na kuvimba, kila mtu ana neno la kusema, na kila neno lina dawa yake. Katika Asumbi na vijiji vilivyo kati ya Homa Bay na Rongo, Wajaluo husema tu "iye okuot", yaani tumbo lake limevimba, na maneno hayo mawili hubeba mambo mengi ajabu. Hubeba habari za mtu aliyekula maharagwe mengi usiku, na mama mjamzito ambaye hajatangaza habari yake. Mtoto mwenye minyoo, mvuvi ambaye ini lake limeharibika, na bibi wa miaka 60 mwenye uvimbe ndani asioujua. Wote hawa tumbo limevimba. Wengine watapona kesho asubuhi bila dawa yo yote. Wengine, wakikaa nyumbani mwezi mmoja zaidi, wataikosa nafasi waliyokuwa nayo.

Asumbi si mahali pasipo elimu. Misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa na mapadre wa Mill Hill imelea shule ya wasichana na chuo cha walimu, na waliotoka humo wamekwenda kufundisha Nyanza nzima na mbali zaidi. Hata hivyo mwalimu mwenye cheti, tumbo likimsumbua, hufanya sawasawa na afanyavyo jirani yake asiyejua kusoma: hunyamaza. Habari za choo na za upepo ni habari za aibu, na mtu mzima hapendi kumweleza nesi aliye sawa na binti yake kwa umri. Kwa hiyo yafaa tuyaseme hapa gazetini, ambapo hapana mtu atakayemtazama mwenzake usoni.

KITU GANI KIMEJAA?

Swali la kwanza si dawa gani, bali ni kitu gani kilichojaa. Tumbo huweza kujaa upepo, au kujaa choo kilichokwama, au kujaa maji, au kuwa na kitu kigumu kinachokua ndani, kama vile ini, wengu, mfuko wa uzazi au uvimbe wa saratani. Vitu hivi havifanani hata kidogo, na mganga akikulaza chali na kukugongagonga tumboni kwa vidole, hilo ndilo analolitafuta. Penye upepo patalia kama ngoma. Penye maji patatoa sauti nzito, na ukigeukia ubavu sauti ile nzito hugeuka nawe, maana maji hufuata upande wa chini.

Jambo hili lina historia ya kupendeza. Aliyelieleza kwanza katika kitabu ni Leopold Auenbrugger, daktari wa Austria, mwaka 1761. Alikuwa mtoto wa mwenye nyumba ya wageni, na husimuliwa kwamba aliona watu wakigonga mapipa ya divai ili kujua yamebaki kiasi gani. Kila mkulima anayemiliki tangi la maji ya mvua hufanya vivyo hivyo na wala hajioni kuwa mtaalamu.

Nyumbani, bila mganga, ipo njia nyepesi. Upepo huja na kwenda. Asubuhi tumbo ni laini, jioni limejaa, na ukienda choo au upepo ukitoka unapata nafuu. Maji na uvimbe haviondoki asubuhi. Vikiingia hukaa, na kila wiki huongezeka kidogo. Chukua uzi, ujifunge usawa wa kitovu siku ya Jumapili asubuhi kabla ya kula, ukate hapo. Jumapili ya pili na ya tatu pima tena kwa uzi ule ule. Mtu ambaye uzi haumtoshi tena, na huku mikono na mashavu yake yanakonda, huyo hana upepo.

UPEPO WA KAWAIDA

Kila mtu mwenye afya ana upepo tumboni, hata Padre na hata Bwana Mkubwa wa ofisi. Sehemu yake ni hewa tunayoimeza tunapokula kwa haraka, tunapoongea huku tukitafuna, au tunapokunywa soda. Sehemu kubwa zaidi hutengenezwa ndani, katika utumbo mpana, na vijidudu vinavyoishi humo kwa mamilioni na ambavyo hutusaidia. Chakula kisichomalizwa na utumbo mwembamba huvifikia vijidudu hivi, navyo hukichachua kama pombe inavyochachuka chunguni, na mchachuko huo hutoa gesi.

Maharagwe ndiyo mfano ulio wazi. Yana namna ya sukari ambayo utumbo wa binadamu hauna kitu cha kuivunja. Kwa hiyo anayekula sahani kubwa ya nyoyo jioni asishangae usiku. Dawa yake ni ya jikoni: maharagwe yalowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, na yapikwe kwa maji mapya mpaka yalainike kabisa. Wengine hutia magadi ili yaive upesi. Si vibaya, ila mwenye ugonjwa wa shinikizo la damu asiyazidishe. Kabichi, vitunguu na viazi vitamu vina tabia iyo hiyo, lakini kwa kiasi kidogo.

Maziwa nayo yana mambo yake. Watu wengi huona ajabu kuambiwa kwamba maziwa, chakula cha watoto na fahari ya mwenye ng'ombe, yaweza kumsumbua mtu mzima. Lakini karibu theluthi mbili ya watu wazima wote duniani hawaimudu vema sukari ya maziwa, kwa sababu kile kitu cha kuivunja, walichokuwa nacho utotoni, hupungua wanapokua. Mtu wa namna hii akinywa vikombe viwili vya maziwa matupu, tumbo hunguruma, hujaa, na pengine akaharisha. Si ugonjwa. Maziwa yaliyoganda hayamsumbui sana, kwa maana vijidudu vya mgando vimekwisha kula sehemu ya sukari ile. Wazee waliopenda maziwa ya mgando kuliko mabichi walikuwa na akili zao.

Kisha kuna kufunga choo, ugonjwa wa watu wa vitini. Karani anayekaa mezani tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja, anayekunywa chai tupu na mkate mweupe, na anayejizuia kwenda choo kwa sababu choo cha ofisi hakipendezi, huyo lazima tumbo lake lijae. Maji ya kutosha, mboga kama dek na osuga, na kutembea kwa miguu humsaidia kuliko ile unga ya povu inayonunuliwa dukani. Mboga aziongeze kidogo kidogo. Akiziongeza zote siku moja, upepo utazidi kabla ya kupungua.

Wako pia watu ambao utumbo wao ni mwepesi kushtuka. Wakiwa na wasiwasi, au kesi, au karo ya shule, tumbo huwajaa na kuwauma, choo hufunga leo na kufunguka kesho, na vipimo vyote havionyeshi kitu. Maumivu yao ni ya kweli wala si ya kujifanya. Lakini neno hili ni la daktari kulisema baada ya kupima, si la jirani.

YALIYO YETU WENYEWE WA PANDE ZA ZIWA

Kama makala haya yangeandikwa kwa ajili ya watu wa London, yangalikwisha karibu na hapa. Sisi tulio karibu na Ziwa Victoria tuna magonjwa mengine ya kufikiria, na la kwanza ni kichocho cha tumbo.

Daktari Mjerumani Theodor Bilharz ndiye aliyemgundua mdudu wa kichocho, mjini Cairo, mwaka 1851. Mwendo wa mdudu huyo wafaa ujulikane na kila mtu aingizaye mguu ziwani. Mgonjwa akienda haja kubwa ufukoni au majini, mayai ya mdudu huanguka ndani ya maji yakaanguliwa. Vitoto vyake humtafuta konokono mdogo wa majini, humwingia, na humo huzaana kwa wingi. Baada ya wiki chache hutoka kwa maelfu, hasa jua linapowaka mchana, na kuogelea wakitafuta ngozi ya mtu. Hupenya ngozi kwa dakika chache tu, wala mtu hasikii kitu zaidi ya kuwashwa kidogo. Kisha husafiri kwa damu mpaka kwenye ini, wakakua, na dume na jike wakaenda kuishi pamoja katika mishipa ya damu ya utumbo kwa miaka mingi, na jike akitaga mayai mamia kila siku.

Ubaya wote umo katika mayai hayo. Baadhi yake hutoboa utumbo yakatoka na choo. Ndipo mtu huona damu na kuumwa tumbo. Mengine hukosa njia, hupelekwa na damu mpaka kwenye ini, yakanasa huko. Ini hujitetea kwa kuyazungushia makovu. Miaka inapopita makovu hujaa, damu ya utumbo hukosa njia ya kupita katika ini, wengu huvimba, maji huanza kujikusanya tumboni, na mishipa ya umio hutuna mpaka siku moja hupasuka na mtu akatapika damu nyingi. Mtu aliyefikia hapo huwa na tumbo kubwa linalong'aa, na mikono myembamba kama vijiti.

Msomaji wa Asumbi atasema, "Mimi ni mkulima wa mahindi na karanga, ziwa liko mbali." Lakini nani katika Asumbi ambaye hajapata kushuka Homa Bay, Kendu Bay au Mbita, kununua samaki, kuosha pikipiki au kuchota mchanga? Vijana huoga mchana wa jua kali, saa ile ile ambayo konokono hutoa wadudu. Basi, mtu aliyeishi ufukoni au aingiaye majini mara kwa mara, tumbo likimsumbua, aseme habari hiyo kwa tabibu bila kungoja kuulizwa. Dawa ipo, nayo yaitwa prazikwanteli. Hupimwa kwa uzito wa mtu na aghalabu humezwa siku moja tu. Huwaua wadudu wakubwa, lakini haimkingi mtu asiambukizwe tena kesho. Na makovu ya ini yaliyokwisha kuwa makubwa hayafutiki yote. Ndiyo sababu ya kuwahi. Maji ya ziwa yakiwekwa ndani ya tangi siku mbili kabla ya kuoga, wadudu wale hufa wenyewe kwa kukosa mtu wa kumwingia.

Minyoo ya kawaida nitaipita upesi, maana tangu mwaka 2009, Serikali ya Kenya ilipoanzisha mpango wa kugawa dawa ya minyoo shuleni, wazazi wengi wameijua. Neno moja tu: mtoto mwenye michango mingi, tumbo likimjaa ghafula, akatapika na asipate choo, asipewe dawa ya minyoo nyumbani. Huenda michango imejifunga fundo ndani ya utumbo na kuuziba, na hapo ni kazi ya hospitali.

Wengu hauvimbi kwa kichocho peke yake. Malaria ya mara kwa mara huukuza, hata madaktari wa zamani walipotaka kujua malaria imezidi kiasi gani katika wilaya, walipanga watoto mstari na kuwapapasa upande wa kushoto chini ya mbavu. Homa Bay ni miongoni mwa mahali palipoonewa sana na malaria. Ndipo hapo, mwezi wa Septemba 2019, Kenya ilipoanza kuwachanja watoto wadogo chanjo ya kwanza ya malaria. Mtu mwenye wengu mkubwa asikandwe tumbo kwa hali yo yote, wala asicheze michezo ya kugongana, maana wengu uliovimba huweza kupasuka kwa pigo dogo na damu ikamwagika ndani. Na mtoto mwenye selimundu, ambao wengi huuita sikoseli, tumbo lake likikua ghafula upande wa kushoto huku akiwa mweupe midomoni na mlegevu, apelekwe saa ile ile. Damu yake inajikusanya katika wengu, na mtoto huyo hawezi kungoja kesho.

DAKTARI MWENYE RAMANI

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago huko Kampala, daktari mpasuaji mmoja kutoka Ireland, Denis Burkitt, alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe wa taya pande zote mbili. Muda si mrefu akamwona mtoto mwingine Jinja, mwenye mataya vivyo hivyo, na alipompapasa tumbo akakuta uvimbe humo pia. Burkitt akaanza kupekua madaftari ya hospitali, akaona kwamba mataya na matumbo haya, yaliyokuwa yakiandikwa kama magonjwa mbalimbali, ni ugonjwa mmoja wa saratani ya watoto. Aliandika habari zake mwaka 1958.

Kisha akafanya jambo ambalo mimi, kama mtu wa madaftari, nalistahi kuliko yote. Aliandika barua na kutuma picha kwa hospitali nyingi za Afrika akiuliza, "Je, mmemwona mtoto kama huyu?" na kila jibu akaliweka kwenye ramani. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa gari kuukuu safari ya maili 10,000 hivi, toka Kampala mpaka kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Ramani ikaonyesha kwamba ugonjwa hukaa kwenye joto na mvua, na huikimbia milima. Yaani mahali pake ni pale pale pa malaria. Mwaka 1964, Anthony Epstein na wenzake huko London waligundua kirusi katika uvimbe wa namna hiyo uliopelekwa kwa ndege toka Uganda. Sasa yajulikana kwamba kirusi hicho, pamoja na malaria inayomrudia mtoto mara nyingi, ndivyo viandaavyo njia ya ugonjwa huu katika nchi zetu. Pande za ziwa zimo ndani ya ramani ile.

Kwa nini nimesimulia kwa urefu? Kwa sababu uvimbe wa Burkitt hukua upesi kuliko karibu saratani zote za binadamu. Waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mtoto aliyekuwa mzima Jumatatu, wiki ya pili ana tumbo gumu, na wazazi hudhani ni minyoo, wakampa dawa ya dukani, wakangoja. Na ni kwa sababu ugonjwa huu, ulio mkali namna hiyo, husikia dawa. Watoto wengi waliofikishwa mapema na kumaliza dawa zao zote wamepona kabisa. Basi, tumbo la mtoto linaloonekana kukua siku hata siku, au jino linalolegea bila sababu, au taya au jicho linalotokeza, si jambo la kungoja mwisho wa mwezi.

Burkitt huyo huyo, baadaye, ndiye aliyewahubiria Wazungu wale chakula chenye makapi kama watu wa Uganda, kwa kuwa aliona wakulima wetu wanakwenda choo vizuri kuliko wao. Ni mara chache sifa zetu zimetoka mahali pa namna hiyo.

MANENO KWA AKINA MAMA

Mwanamke aliyekwisha kuacha kuzaa, tumbo lake likianza kujaa, nguo zikimbana, akila matonge machache ya ugali akajisikia ameshiba, na akikojoa mara kwa mara, aghalabu huambiwa kuwa ni uzee, au ni upepo, au ananenepa kwa raha za watoto wake wakubwa. Pengine ndivyo. Lakini hizo ndizo dalili za saratani ya ovari, yaani zile tezi mbili zinazotoa mayai ya uzazi. Saratani hii huwapata hasa wanawake waliopita miaka 50, nayo haitangazi kwa damu wala kwa kidonda. Hutangaza kwa upepo usioisha.

Madaktari hutumia kipimo hiki: mwanamke ambaye dalili hizo zimemjia karibu siku 12 au zaidi katika mwezi, na hapo kwanza hakuwa nazo, yapasa apimwe. Kipimo chenyewe si cha kutisha. Ni mkono wa daktari, picha ya mawimbi ya sauti, na damu kidogo. Aliyekuwa na mama au dada aliyepata saratani ya matiti au ya ovari asingoje hata kuhesabu.

Kwa mwanamke aliye bado kijana, tumbo gumu chini ya kitovu laweza kuwa uvimbe wa mfuko wa uzazi, ambao si saratani na hutokea sana kwa wanawake wetu. Na mara nyingi zaidi ni mimba. Mume asichukue habari hii kama shauri la kuchekesha. Mara nyingi fedha za nauli ziko mfukoni mwake, na bibi yake akisema mara ya tatu kwamba tumbo limejaa, maneno yamekwisha kutosha.

INI, POMBE NA KARANGA

Maji ya tumboni hutokana pia na ini lililokauka. Mambo matatu huliharibu hapa kwetu. La kwanza ni pombe kali, na chang'aa yajulikana kwa kazi hiyo, sitaongeza neno. La pili ni homa ya ini ya namna ya B, ambayo hukaa mwilini miaka mingi bila dalili. Watoto wa Kenya wamekuwa wakichanjwa tangu mwaka 2001, lakini sisi tuliozaliwa kabla ya hapo wengi hatukuipata chanjo ile, na damu yapasa ipimwe. La tatu ni sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizowekwa ghalani na unyevu. Mwaka 2004, katika Ukambani na wilaya za jirani, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo na 125 walikufa. Kiasi kidogo hakiui siku ile. Hukaa kikilichokoza ini, na kikikutana na homa ya B huleta saratani ya ini. Sisi wakulima wa karanga tuna desturi ya kuuza zilizo nzuri na kula nyumbani zilizokunjamana na kubadilika rangi. Hizo ndizo zenye sumu, wala kupika hakuiondoi.

Kifua kikuu nacho huweza kushuka tumboni. Mtu huwa na homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, na tumbo lenye maji, bila hata kukohoa. Mwenye virusi vya UKIMWI asiyetumia dawa yumo hatarini zaidi. Dawa zake ni za miezi 6 au zaidi, na huponya.

JICHO BAYA NA WEMBE

Wengi katika nchi ya Wajaluo huamini kwamba tumbo la ghafula, hasa la mtoto, hutokana na sihoho, yaani jicho la mtu aliyekitazama chakula kwa uchoyo. Mgonjwa hupelekwa kwa mjuzi amchanje tumboni kwa wembe na kukitoa chakula kile. Sipendi kuwacheka wazee. Bibi aliyekesha na mjukuu wake akimpa majani ya kutuliza tumbo alikuwa akifanya alichokuwa nacho. Lakini wembe mmoja unaopita kwa watu watano huchukua homa ya ini na virusi vya UKIMWI toka kwa mmoja mpaka kwa mwingine. Tena siku nne zinazopotea kwa mjuzi wa kwanza, na nne kwa wa pili, ndizo siku ambazo utumbo uliojisokota hufa.

Maana jambo la haraka kuliko yote ni hilo. Utumbo mpana huweza kujisokota kama kamba, na ugonjwa huu si mgeni Afrika Mashariki, hasa kwa wanaume. Tumbo huvimba kwa saa chache likawa kama ngoma, maumivu huja kwa vipindi, choo hakitoki na, sikia sana, hata upepo hautoki. Kisha kutapika. Mtu huyo asipewe dawa ya kuharisha wala asilazwe mpaka asubuhi. Apakiwe hata kwenye pikipiki aende kwenye hospitali yenye mpasuaji. Vivyo hivyo aliye na tumbo gumu kama ubao pamoja na homa kali, anayetapika damu, anayepata choo cheusi kama lami, na mjamzito mwenye tumbo linalouma na kizunguzungu.

Wa wiki hii hii, wasiongoja mwezi, ni wale ambao tumbo limejaa karibu kila siku kwa wiki 3, wanaokonda, wenye macho ya manjano, damu chooni, au miguu iliyovimba, wanaoshiba upesi, waliopita miaka 50 na mwendo wa choo umebadilika, na kila anayepapasa tumbo akakuta kitu kigumu ambacho hapo awali hakikuwapo. Asiyeweza kuamua amwite mhudumu wa afya wa kijiji, ambaye wengi humwita nyamrerwa. Kazi yake ni kujua nani apelekwe wapi. Zahanati ikishindwa itaandika barua ya kwenda Homa Bay, Kisii au Kisumu, na barua hiyo haifai kuwekwa sandukuni kungoja mavuno.

Ukienda, nenda umeandika. Kwa sisi makarani jambo lisiloandikwa halikutokea, na tabibu mwenye watu 60 mlangoni ana dakika chache za kukusikiliza. Andika lini lilianza, huja saa ngapi, chakula gani huliamsha, choo kikoje, umepungua kilo ngapi, umeoga ziwani lini, na dawa gani umekunywa, pamoja na zile za mitishamba, hatakugombeza. Chukua na ule uzi wako. Atakupapasa na kukugonga, atatazama macho na miguu, na huenda akataka damu, mkojo, choo, au picha ya tumbo.

Choo kiwekwe katika chombo kisafi chenye kifuniko, kipelekwe asubuhi ile ile, kikiwa kidogo tu kama tunda la zambarau. Mdudu wa kichocho hatoi mayai yake sawasawa kila siku; leo huweza yasionekane na kesho yakaonekana. Kwa hiyo tabibu akikuagiza ulete choo cha siku ya pili na cha siku ya tatu, usidhani kwamba amekipoteza kile cha kwanza.